Gari la Mkunga Liko Maabara

(Ukumbi wa mikutano, asubuhi. Mkurugenzi wa Mradi wa Kupima na Kuboresha Ulaji wa Mafuta katika Gari Dogo la Zamani anapanda jukwaani. Anaigonga maikrofoni, inapiga yowe, watu wanaziba masikio.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ameshindwa kufika, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye tunaambiwa yuko njiani, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kumpokea Mwakilishi, Makamu wake, Kaimu wa Makamu wake, wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu wa idara, na wale wanaowaombea wakuu wa idara wastaafu mapema, ndugu zetu mafundi makenika, wauza petroli, wamiliki wa magari madogo ya zamani, mliokuja na magari yenu na mliokuja kwa miguu kwa sababu ya magari yenu, mke wangu mpendwa, shemeji zangu wawili pale mbele, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na mahali ilipokosewa naomba kila mtu ajizingatie mwenyewe. (Makofi machache. Mtu mmoja anauliza kama soda zimefika.)

Soda ziko kwenye mchakato.

Ndugu zangu, leo tunaadhimisha mafanikio, na mafanikio hayana budi kusimuliwa na aliyeyaleta, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi. Kabla sijateuliwa, gari dogo lilikuwa linakwenda tu. Mtu anawasha, anakwenda, anafika, anazima, basi! (Vicheko.) Msicheke, ilikuwa aibu. Hapakuwa na fremuwaki, hapakuwa na benchimaki, hapakuwa na wekishopu hata moja ya kulijengea uwezo gari husika. Petroli ilikuwa inaingia kwenye tangi kiholela na kutoka kiholela, na wala hakuna mdau aliyekuwa akikosa usingizi kwa ajili hiyo. Mimi nilikosa. Mke wangu ni shahidi. (Mke wa Mkurugenzi anatazama dari.)

Kwa hiyo tukalihitaji gari la mfano. Baada ya upembuzi yakinifu tuliliteua gari la kliniki ya mama na mtoto, lile dogo la bluu ambalo mlango wake wa kushoto hufungwa kwa kamba, kwa sababu za kitaalamu, ambazo ni kwamba lilikuwa karibu, na ufunguo ulikuwa ndani.

(Mlango wa nyuma unafunguliwa. Mkunga wa kliniki anaingia na sare yake, mkoba begani, viatu vyeupe kwa vumbi. "Mheshimiwa, samahani kukukatiza. Naomba ufunguo wa gari letu. Kuna mzazi kule juu mlimani, ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mimba yake ya kwanza.")

Karibu sana, Mama Mkunga, karibu uketi. Swali lako ni zuri mno, nalo litapokelewa wakati wa maswali, mara tu baada ya hotuba hii, neno la shukrani na picha ya pamoja. Kwa faida ya wote niseme tu kwamba gari lako liko salama. Liko maabara, limezungukwa na wataalamu waliovaa makoti meupe, na hata mimi mwenyewe siruhusiwi kulikaribia bila kunawa mikono. (Mkunga anabaki amesimama.)

Nikirejea kwenye sayansi. Changamoto ya kwanza ilikuwa ya istilahi. Wapo wanaosema gari linakula mafuta, na wapo wanaosema linakunywa. Nawaulizeni, tutapimaje kitu ambacho hatujui kama ni chakula au ni kinywaji? Kamati ndogo ikakaa. Wa kunywa wakasema petroli ni kimiminika. Wa kula wakasema mbona watu wanakula mshahara na mshahara hautafunwi. (Vicheko virefu.) Viti vilirushwa, ndugu zangu, nasema bila kuficha, viti vilirushwa kwa ajili ya maendeleo. Mwisho tukafikia mwafaka wa kihistoria, kwamba gari likiwa linatembea linakula, likiwa limesimama huku linanguruma linakunywa, na likizimika katikati ya barabara limefunga. (Makofi.)

Baada ya kuthibitika kwamba linakula, tulimwita mtaalamu wa lishe. Akaliwekea ratiba: kikombe kimoja cha petroli asubuhi, mchana lipumzike kivulini, jioni nusu kikombe, na baada ya jua kuzama lisipewe kitu ili lisilale na tumbo zito. Najua zipo lawama kwamba baadhi ya watoto huzaliwa usiku. Hilo ni suala la mabadiliko ya tabia, na idara husika inaandaa vipeperushi vya kuwaelimisha watoto hao.

("Mheshimiwa," anasema mkunga, "huyo mtoto wa leo hasomi vipeperushi. Anakuja. Nimepanda ule mlima kwa miguu wiki nzima, magoti yangu yamekwisha. Nipe gari, utaendelea kuhutubia.")

Tumekusikia, Mama Mkunga, na tumelichukua. Katibu, liandike. Usiandike lote.

Sasa upimaji wenyewe. Njia inayokubalika duniani ni nyepesi hata kwa mtoto: unajaza tangi hadi shingoni, unaendesha, unajaza tena, halafu unagawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizoongeza. Sisi tuliifuata hatua kwa hatua. Tulijaza tangi hadi shingoni. Tukajaza tena. Kuendesha hatukuendesha, kwa sababu tuligundua kwamba kila gari linapokwenda, mafuta yanapungua, na jambo hilo lilikuwa linatuharibia vipimo. (Fundi makenika mmoja anajifunika uso kwa kofia.) Matokeo yake, ulaji wa mafuta umeshuka kwa asilimia mia moja na kumi na nne. Hizo kumi na nne za ziada ni mafuta ambayo gari limeturudishia kwa hiari yake.

Hatukuishia hapo. Tuliambiwa gari zito linakula sana, kwa hiyo tukaondoa gurudumu la akiba, jeki, redio, vifuniko vya magurudumu na kiti chote cha nyuma, na tukamshauri Mama Mkunga naye ajitathmini, ushauri ambao aliupokea kwa maneno yasiyofaa kurudiwa mbele ya wageni. (Mkunga: "Nitayarudia!" Makofi kutoka safu za nyuma.) Tuliambiwa matairi yenye upepo kidogo yanaongeza ulaji, kwa hiyo tukayajaza upepo hadi gari likawa refu kuliko dereva wake. Tuliambiwa kukanyaga mafuta kwa pupa ni hasara, kwa hiyo tukaitoa pedeli yenyewe tukaihifadhi stoo. Na katika waraka ambao wageni wa nje waliomba wausome, wakausoma, wakaondoka bila kuaga, tulizindua Sera ya Mteremko, ambayo inaelekeza kwamba safari zote za gari dogo la zamani ziwe za kushuka. Suala la kupanda litashughulikiwa kwa nishati jadidifu inayotokana na wadau, yaani kusukuma.

("Sasa mzazi yuko juu!" Mkunga amefika katikati ya ukumbi. "Nitashukaje kwenda juu, baba? Mwanao wa pili nilimpokea kwa mikono hii, usiku wa mvua, na nilikuja kwa gari hilohilo. Ulinishika mkono ukalia. Leo unaniambia mteremko?" Mke wa Mkurugenzi anamtazama mumewe.)

Mama... Mama Mkunga, nakumbuka. Ni kweli kabisa, na mtoto yule hajambo. (Anakunywa maji. Anatafuta ukurasa.) Lakini sayansi haina ndugu. Gari liko maabara, na maabara ina taratibu zake, na funguo zake zina watu wake. Tusichanganye hisia na fyueli ekonomi. Simameni, tuimbe kaulimbiu. Gari dogo!

(Wachache: "Tumbo dogo!")

Mafuta!

("Kwa kijiko!")

Mlimani!

("Tusukume!" Mtu mmoja: "Soda!")

Ahsanteni, ketini. Sasa ni wakati wa shukrani, na mimi si mtu wa kumsahau mtu. Naishukuru kwa dhati maabara yetu ya kisasa, ambayo kiwanja chake kitatafutwa. Nawashukuru wataalamu wake wote, ambao nafasi zao zitatangazwa. Naishukuru kamati ndogo ya istilahi kwa kazi nzito, na mara itakapoundwa naomba ifikishiwe salamu hizi. Namshukuru mtaalamu wa lishe, popote atakapozaliwa. (Minong'ono. Watu wanageuka kutazamana.) Na kwa namna ya pekee nimshukuru dereva wangu, aliyetupakia leo mimi, mke wangu na hawa shemeji zangu wawili pale kiti cha nyuma, akatufikisha bila kuchelewa, kama anavyonifikisha kazini na sokoni kila siku, na sasa ameliegesha gari hapo nje dirishani, kwenye kivuli.

(Watu wote wanageukia dirishani. Mkunga pia. Kisha anamgeukia dereva, mume wa mdogo wake, aliyekaa karibu na mlango. "Shemeji." Dereva anasimama. "Mimi niliambiwa kliniki mmepewa jipya, shemeji. Wallahi ndivyo nilivyoambiwa." Anatoa ufunguo mfukoni. "Twende, mimi naendesha, wewe shika mkoba.")

Tulieni, tulieni, hili lilipangwa, ni sehemu ya maonyesho. Dereva! Keti! Ndugu Katibu, mwambie dereva aketi.

(Katibu yuko dirishani na wenzake. Nje, gari linakohoa, linakohoa tena, linawaka.)

Mlango wa kushoto! Fungeni ile kamba! Na mkifika pale kona, msi... haya, wamekwenda. Ndugu wadau, naomba mnitazame mimi. Mimi ndiye niko kwenye ratiba.

(Hakuna anayemtazama. Ukumbi mzima uko madirishani. Mlio wa gari unapanda mlima, unazidi kuwa mzito, unafifia, unakaribia kuzima. Mke wa Mkurugenzi amepanda juu ya kiti aone vizuri. "Gia ya kwanza, shemeji!" anapiga kelele, ingawa si shemeji yake. Mlio unarudi, unapita kilele, unapotea upande wa pili. Ukumbi unalipuka kwa makofi, vigelegele na miluzi, watu wanakumbatiana.)

Ahsanteni! Ahsanteni sana! Jamani, inatosha, mtanitoa machozi. (Makofi yanazidi.) Tangu nianze kazi ya utumishi sijawahi kupigiwa makofi kama haya. Nimeguswa, nasema ukweli wangu wote mbele yenu, nimeguswa, na sasa naona jinsi mnavyoupenda mradi huu. Kwa moyo huo nawaahidi, iwe mwakani, iwe mwaka utakaofuata, kwa gharama yoyote ile, lazima tuuanzishe.