Magoti ya Bi Mwatum

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimejitolea. Kazi ya bure, siku nzima! Mama kanigusa kipaji cha uso kuona kama nina homa.

Sababu ninayo. Madaktari wa misheni, Wakristo kutoka Norwei, wanakuja Kizimkazi Jumatano kutibu watu, na wanatafuta wakalimani. Kizimkazi ndiko anakokaa Saadiya. Barua yangu ya posa iko kwao tangu mwezi uliopita. Anayeamua ni mama yake, Bi Mwatum, mjane mwenye macho ya afisa forodha. Wiki iliyopita Junaid naye kapeleka barua. Junaid ana duka la dawa. Mimi nina Kiingereza nilichookota kwa watalii wa Forodhani. Jibu litatoka Jumapili.

Kwa hiyo Jumatano Bi Mwatum atanikuta bega kwa bega na daktari, nimevaa koti jeupe. Koti nimeliazima kwa Ridhwan, kinyozi wa Darajani. Limejaa nywele shingoni, lakini kwa mbali ni la daktari kabisa.

Jumatano, 5 Februari

Tuliwekwa skuli. Kabla ya kazi mchungaji wao, mtu mpole, akaomba dua dakika kumi kwa Kiingereza, kisha akaniashiria nitafsiri. Watu zaidi ya mia wananitazama, nusu yao tasbihi mkononi. Nikasema wageni wanatuombea afya, wanawake wajipange kulia, wanaume kushoto. Wote wakaitikia amin. Mchungaji akakisifu Kiswahili kwa ufupi wake.

Kisha pigo. Mkalimani wa wanawake ni Nassra, dada yake Junaid! Na Bi Mwatum yuko kwenye foleni yake, wa thelathini. Sikungoja. Nikamfuata, nikamwamkia, nikamtoa kwenye foleni, nikampitisha mbele ya watu wote hadi kwenye meza yangu kwa Dokta Ingrid. Alikataa mara tatu. Nikajua ni adabu tu.

Dokta akauliza mama anaumwa nini. Nikatafsiri. Bi Mwatum akanitazama, akavuta mtandio, akasema hana neno, amekuja kuwasalimia wageni. Nikauliza tena. Mzima, alhamdulillahi. Dokta akaanza kufunga daftari lake.

Jasho lilinitoka. Mkwe wangu arudi mikono mitupu, na Nassra anaona? Nikamwambia Dokta ni magoti. Unguja nzima sijamwona mama asiyeumwa na magoti. Dokta akafurahi, kumbe magoti ndiyo fani yake. Akaagiza kuchutama na kuinuka mara ishirini asubuhi, ishirini jioni, na adhuhuri kukaa nusu saa kwenye kiti kigumu, mgongo wima. Nikamweleza mama kwa sauti nzito. Akauliza kama ni lazima. Nikamjibu kuwa ni amri ya daktari.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda Kizimkazi kumfuatilia mgonjwa wangu. Koti mwilini, halua mkononi.

Mapokezi sijapata kuyaona! Nilikaribishwa barazani nikakaa. Yeye hakukaa. Nusu saa nzima kasimama, kashika mwimo wa mlango. Mtu mzima kumsimamia kijana aliyekuja kuposa, heshima hiyo hata mabalozi hawapewi. Nikamuuliza habari za mazoezi. Akasema anayafanya yote. Uso ulikuwa umemlowa jasho, nikajua tiba inaingia. Nikampandishia hadi thelathini.

Akasema, "Haya, mwanangu. Mungu atakulipa."

Saadiya alipita uani akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani mambo yamekwisha.

Jumapili, 9 Februari

Yamekwisha. Shangazi Salhiya, aliyenipelekea barua, kaletewa jibu. Kakubaliwa Junaid.

Nikadai sababu. Shangazi akavua miwani, akaniambia nitazame ukutani, ndipo akaeleza. Bi Mwatum hajapata kuumwa magoti maishani mwake. Ana bawasiri. Alijipanga kwa Nassra makusudi, apate kumnong'oneza mwanamke mwenzake. Mimi nikamburura mbele ya kadamnasi, nikataka anitajie maradhi ya huko nyuma, mimi niliyeposa bintiye! Mkwe na mkwe hata habari ya kufua nguo hawaisemi waziwazi.

Basi kachutama siku nne, akidhani daktari kautambua ugonjwa kwa kumwangalia tu. Na kiti kigumu juu yake. Jana jioni, baada ya zile thelathini, Saadiya alilia, akamkimbilia Nassra. Nassra akaleta dawa ya kupaka kutoka dukani kwa kaka yake. Leo Bi Mwatum kaweza kukaa. Alipokaa tu, akaagiza kalamu.

Nililia. Nampenda Saadiya, na sikuwahi kumwambia, kwa sababu muda wote nilikuwa nashughulika na mama yake. Shangazi alinipa maji. Akasema, "Mwanangu, siku nyengine mtu akikwambia hana neno, mwache."

Jumatano, 12 Februari

Siku tatu sikutoka ndani, natafakari. Shangazi kasema kweli. Kosa ni langu, nalikiri hapa kwa mkono wangu.

Mchana Dokta Ingrid akaniletea ujumbe. Jumamosi wanakwenda Kiwengwa kuwatibu wakulima wa mwani, na kwa kuwa hakuna mkalimani aliyemaliza wagonjwa haraka kama mimi, wananiomba niende nao. Nikaulizia kidogo habari za Kiwengwa. Yuko Bi Mwatima, ana binti, Radhiya, hajaposwa. Mama mwenyewe nasikia ana haya kupita kiasi, hasemi kamwe anaumwa nini.

Nimekubali. Magoti ndiyo yaliyoniponza. Safari hii nitasema mgongo.