Nilivyomtuma Gervasi kwa Mshauri

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya tisa bila Leonia. Nimepika dagaa mwenyewe. Mchanga menoni.

Leo mke wangu amepiga simu kutoka Simbo, kwa mama yake. Hakunisalimu. Amesema harudi, na wala hataki kikao cha wazee, kwa sababu wazee wakishakula kuku wangu watamwambia avumilie. Anataka nizungumze na mshauri nasaha. Dada yake anamjua mmoja wa Dodoma, anayeongea na watu kwa simu ya video. Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema, "Ungekuwa mgonjwa ningekuonea huruma." Akakata.

Niandike kilichotokea, kwa kifupi. Mama mkwe alikaa kwangu miezi miwili, anatibiwa macho. Nikamwachia kazi ya kuangalia dagaa walioanikwa hapa Kibirizi. Mvua ikaja, wakalowa wote. Nikamwambia maneno mbele ya akina mama wanaochambua dagaa hapa mwaloni, kwenye soko la ufukweni. Maneno yenyewe siyaandiki. Alifunga kitenge chake akaondoka saa ileile, Leonia nyuma yake.

Mgonjwa wa macho nilimpa kazi ya kuangalia mawingu. Hilo sijamwambia mtu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwandikia mshauri. Anaitwa Ritha. Amejibu kwa upole, jambo lililonitia wasiwasi.

Ametuma fomu ndefu. Jina, umri, kazi. Mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura: nilianza kuandika Leonia, nikakumbuka kuwa dharura yenyewe ni Leonia. Swali la tisa: kwa nini umeamua kuja sasa? Nimeandika: mvua.

Halafu masharti. Dakika hamsini kila Alhamisi saa nne asubuhi. Ada itangulie. Nikae mahali tulivu, peke yangu, mlango umefungwa, hedifoni masikioni. Mtandao ukikatika atasubiri dakika kumi, kisha atapiga simu ya kawaida. Nitakayosema hayatoki nje, labda iwe uhai wa mtu uko hatarini. Na kamera iwe wazi, auone uso wangu.

Uso! Uso wangu ukidanganya hutoka jasho puani. Leonia aligundua hilo tangu uchumba. Mshauri hatamaliza dakika tano.

Ila Ritha hajawahi kuniona. Nimelifikiria hilo jioni nzima.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempata Gervasi. Anauza nyavu jirani na ghala langu. Simpendi sana, wateja wangu huishia kwake wakipiga soga. Lakini ana sauti ya katekista, na hulia hata kwenye misiba ya watu asiowajua. Nikamwomba awe mimi, Telesphory, kwa vikao vinne tu. Nikamwahidi nafasi chini ya turubai langu masika yote.

Akauliza aseme nini. Nikamwambia ajute, apumue kwa nguvu, akubali kila kitu. Akauliza nilifanya nini hasa. Nikasema ni ugomvi mdogo wa nyumbani. Aliniangalia. Duka lake liko hatua kumi kutoka pale dagaa wanapoanikwa. Siku ile alikuwa mlangoni. Nami nikatazama ziwani.

Kikao kimefanyika chumbani kwake. Nimesubiri nje. Ametoka macho mekundu. Nikamuuliza imekwendaje. Akasema yanayosemwa mle hayatoki nje.

Ananificha siri, na jina alilotumia ni langu!

Jumamosi, 9 Novemba

Gervasi amefunga duka akaenda Mwandiga kumsalimu kaka yake. Hawajasemezana miaka sita kwa sababu ya kiwanja cha babu. Amerudi na jogoo aliyepewa na kaka. Mke wake Esther amekuja kunishukuru. Anasema mumewe siku hizi anauliza watu wameamkaje, kisha anangoja jibu.

Nimemwandikia Leonia kuwa nimeanza, na ninabadilika. Akauliza tulizungumza nini na mshauri. Nikaenda mbio kwa Gervasi. Amekataa kusema.

Nikamwandikia Ritha, naomba barua yenye mhuri, ieleze kwamba Telesphory amekuwa mtu mwema. Amejibu kuwa anaweza kuthibitisha mahudhurio tu, na mteja mwenyewe aridhie kwa maandishi. Barua ya kusema mtu amekuwa mwema haandiki. Akaongeza kuwa baada ya kikao kimoja ingekuwa mapema mno.

Alhamisi, 14 Novemba

Gervasi amemwambia Ritha ukweli. Amenijia amevaa shati la kanisani, akaniambia akiwa amesimama. Anasema hakuweza kujiita Telesphory mara ya pili huku anamlilia kaka yake mwenyewe. Mshauri amemfungulia jalada jipya kwa jina lake. Wanaendelea Alhamisi zilezile.

Kisha ukaja ujumbe wangu kutoka kwa Ritha. "Telesphory, nafasi yako bado ipo. Ujaze fomu mwenyewe na uje mwenyewe. Jumanne saa nne."

Nimeusoma mara tatu nikiwa nimekaa juu ya gunia. Hakuna tusi. Ningependa liwepo. Tusi ningelijibu.

Akina mama waliokuwa wakichambua dagaa waliniuliza kama naumwa. Nikasema ni vumbi.

Jumanne, 19 Novemba

Fomu nimeijaza upya. Kwenye swali la tisa nimefuta mvua, nikaandika: mama mkwe.

Nimejifungia ghalani, magunia pande zote. Hedifoni zilikuwa za Gervasi, na nimeona aibu kumwomba. Ritha ni mama wa makamo, ana miwani, nyuma yake kuna pazia la kijani. Akasema amefurahi kuniona. Jasho likaanza puani kabla sijadanganya.

Dakika ya kumi mtandao ukakatika. Akapiga simu ya kawaida kama alivyosema. Ghalani simu husikika kwa shida, nikaweka spika. Akauliza nilimwambia nini mama mkwe. Nikamweleza habari za mvua. Nikamweleza ubovu wa turubai. Nikamweleza mbalamwezi na uvuvi wa dagaa. Yeye akangoja. Yule mama anajua kungoja. Mwishowe nikasema.

"Nilimwita kipofu anayekula bure."

Nikalia. Sikuwa nimepanga. Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyeanguka, na Ritha hakuniambia ninyamaze. Nilimwambia hata lile la mawingu.

Tulipomaliza ndipo nikagundua kwamba nje kumetulia. Mlango wa ghala ni wa mbao, na una nyufa. Akina mama sita walikuwa hapo hapo, mikono ndani ya dagaa, hakuna anayechambua. Nimetoka nikitazama miguu yangu. Nikamwomba Merina, aliye mkubwa wao, wasiyatangaze waliyosikia.

Merina akarudi kwenye dagaa zake. "Baba Bariki," akasema, "siku ile tulikuwepo. Ya kwanza tuliyasikia wote. Tulikuwa hatujayasikia haya ya leo."

Jumatano, 20 Novemba

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu waondoke. Nimeamka mwepesi. Mtu mpya kabisa.

Kabla hatujaagana jana, Ritha alisema nikiwa tayari niende Simbo, nimwombe radhi mama mkwe kwa kinywa changu. Nikamwomba anifundishe ya kusema. Akakataa. Akasema sharti yawe maneno yangu mwenyewe.

Hapo sikubaliani naye. Maneno yangu mwenyewe ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Nimekwenda steshenari ya mjini. Wana barua za kuomba radhi tayari kwenye kompyuta: ya mwajiri, ya mwenye nyumba, ya parokia. Ya mama mkwe hawana. Tumechukua ya mwajiri, jamaa akafuta "Meneja" akaweka "Mama Mkwe". Kwenye sababu palikuwa pameandikwa "utovu wa nidhamu mahali pa kazi". Nikamwambia aache, inafaa. Chini kulikuwa na "naahidi kuongeza ufanisi". Nayo tumeiacha. Imetoka safi, nikaifanyia laminesheni isikunjike.

Kwenda mwenyewe leo sikuweza, kuna mzigo unapakiwa. Nimempa dereva wa gari la Simbo, mtu mzima, ana heshima zake. Nimemwambia asiikabidhi tu. Awakusanye wote pale kwa mama mkwe, aisome kwa sauti, na akifika kwenye "najutia" apunguze mwendo kidogo.