Sauti Saba Nukta Moja kwa Vijana wa Nakivale

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi huyo ambaye bado yuko njiani, wenyeviti wa zoni za kambi hii ya wakimbizi, wachungaji, mapadri, wafadhili ambao viti vyenu tunaviona, kina mama mliotoka shambani, vijana wa muziki na wa gemu, wageni niliokuja nao kutoka Kamukuzi, dereva wangu, na mimi mwenyewe, Bernard Tumwekwase, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Uteuzi wa Vifaa vya Sauti za Kompyuta, protokoli yote ikiwa imezingatiwa: agandi! (Watu: Nimarungi!) Makofi hayo ni madogo, na spika hizi ni kubwa. (Makofi yanaongezwa.)

Leo tunazindua Kituo cha Sauti za Kisasa, hapo nyuma yangu penye utepe. Mnakumbuka timu ya vijana wetu, binti Chantal wa Wakongo na kijana Venuste wa Warundi, walivyokwenda Mbarara kwenye mashindano ya gemu wakatolewa asubuhi na mapema, kwa sababu walikuwa na hedifoni moja ya kupokezana, na asiye nayo hasikii adui akimjia kutoka nyuma. Niliposikia habari hiyo nililia. (Mtu anacheka.) Huyo anayecheka asogezwe nyuma.

Ndipo kamati yangu ikawaagiza wasalimishe hedifoni hiyo, pamoja na spika zao mbili walizonunua kwa kuuza maharage ya msimu mzima, ili teknolojia ya zamani isije ikachanganyika na mpya, nao wakatii kwa moyo mweupe. (Makofi ya wageni kutoka Kamukuzi.)

Baada ya hapo hatukulala. Tulifanya fisibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, tukafanya wekshopu ya kujadili fisibiliti stadi hiyo katika hoteli moja ya Mbarara yenye katogo nzuri sana ya ndizi na matumbo, kisha tukafanya wekshopu ya kuishukuru wekshopu, ambamo asilimia tisini na nane ya wajumbe walisikiliza kwa makini, na asilimia mbili iliyobaki, yaani mimi, ilikuwa ikihutubia. Hapo mnapiga makofi. (Makofi.)

Tulipofika dukani Ruti, palepale Mbarara, mwenye duka alitaka kuchomeka hedifoni kwenye kompyuta ili tusikilize muziki, tukamkatalia, kwa maana muziki ungeingilia uhuru wa maamuzi. Wajumbe wote tulizivaa bila kuchomeka popote, tukakaa tumefumba macho, na ile iliyotupa kimya kizuri zaidi, na iliyokuwa nzito kuliko zote, ikashinda bila kupingwa. Tukaelezwa pia kwamba siku hizi kuna sauti saba nukta moja, inayomzunguka msikilizaji pande zote. Kamati imeridhia: hizo saba zitaelekezwa kwa viongozi, na hiyo nukta moja ni yenu wananchi. (Minong'ono.)

Na ili pasiwe na upendeleo, ugawaji utafuata ukubwa wa kaya, kama mnavyogawiwa maharage. Kaya ya watu wawili itapata hedifoni moja, kila mtu sikio lake. Kaya ya watu wanne itasikiliza kwa zamu, mkubwa akitangulia.

(Chantal anasimama: "Mheshimiwa, ekutere ya michezo, ile ya kuvaa kwa masikio, inaombaka mikro. Ile mulichagula iko na mikro?")

Swali zuri. Mikrofoni iko, naishika mimi. (Vicheko.)

("Na bafle zetu, zile spika mulibeba? Mashindano mengine ni Jumamosi hii. Tutachezea na nini? Mulisema mutatuletea ingine!")

Binti, Jumamosi imo katika mpango wetu wa miaka mitano. Kaa chini, maendeleo hayakimbizwi. (Chantal hakai. Venuste naye anasimama. Nyuma, watu wanaanza kusogea mbele.)

Naona hamasa yenu, basi nihitimishe. Nikisema Sauti, mjibu Kubwa! Sauti! (Wageni kutoka Kamukuzi: Kubwa!) Masikio! (Dereva: Mawili!) Kamati! (Watu wanazidi kusogea mbele.)

Sasa shukrani. Namshukuru mzee Anselme kwa kutuazima stoo yake iwe Kituo tangu asubuhi. Baba, tukishakunja utepe, ambao ni wa harusi ya watu Mbarara, unaweza kurudisha maharage yako ndani. Namshukuru mwenye duka wa Ruti kwa kutuazima haya maboksi mazuri ya kupigia picha. Msiyaguse, ni matupu lakini yana mwenyewe. Na shukrani za pekee ziwaendee vijana kwa hizi spika zao, ambazo nimezungumza kupitia kwazo leo bila kukwaruza hata kidogo, na ambazo sasa zinapanda kwenye gari langu, maana kesho nazindua Kituo kama hiki hiki kule Kikagate. Dereva, anza na hiyo ya kush...

(Spika zinanyamaza. Mwenyekiti anaendelea kufungua na kufumba mdomo. Chantal amekalia spika moja, Venuste amekalia ya pili, na mzee Anselme amekwisha kuchomoa waya wa umeme, anauzungusha mkononi mwake taratibu. Makofi makubwa, ya kwanza tangu asubuhi ambayo hayakuombwa na mtu.)