Kitambaa cha Ngoro

Jumatatu, 1 Juni 1992

Bruda, mtawa anayetusimamia, katuita wafumaji wote wa karakana ya parokia. Wote maana yake mimi na Vitalia, wengine wameshaacha. Tangu biashara ifunguliwe, maduka ya Mbinga yamejaa vitenge vya nje na mitumba, na pamba yetu nyeupe haina mnunuzi. Sasa kwaya inataka sare. Kila mmoja wetu afume kipande cha mfano, chenye rangi na nakshi mpya. Jumapili ya Pentekoste wanakwaya watachagua. Mshindi atapewa nyuzi zote zilizobaki. Mwingine akalime.

Akalime! Mimi, Tadei, mwenye mikono hii laini! Mke wangu Albina aliposikia alicheka hadi akakaa chini.

Jumanne, 2 Juni

Nimetafuta rangi. Kahawa imeanza kuiva, nyekundu tupu. Nikawaza: maganda mekundu, nyuzi nyekundu. Nimeyachemsha asubuhi nzima kwenye sufuria ya Albina. Nyuzi zimetoka na rangi ya maji ya kunawia miguu. Nimeongeza chumvi. Nimeongeza majivu. Zikawa kahawia, kama udongo baada ya mvua. Nimeamua kwamba ndiyo rangi niliyoitaka tangu mwanzo.

Ugali wa mchana nao umetoka kahawia. Albina kasema sufuria ile alipewa na mama yake siku ya harusi, na kuanzia leo nichemshie maganda yangu kwenye kofia.

Jumatano, 3 Juni

Rangi ninayo, nakshi sina. Bruda ametundika mkeka katikati ya vitanda vyetu vya kufumia ili tusiigane. Mkeka una tundu. Sikulitoboa mimi. Nimelipanua tu.

Vitalia ameshatandika mtande, zile nyuzi za urefu: mstari wa kahawia, mstari mweupe, kahawia tena. Nikamsikia akimweleza Bruda kwamba anafuma ngoro. Ngoro zetu Wamatengo, mashimo ya shambani kwenye miteremko, yenye matuta pande zote! Wazo kama hilo lilistahili kunijia mimi. Kwa hiyo limenijia.

Ijumaa, 5 Juni

Matuta ya kushuka ninayo, yako kwenye mtande. Ya kukatisha ni balaa. Yanadai nibadilishe uzi wa mshindio, ule unaokatiza mtande, kila baada ya vidole vitatu. Nani ana mgongo wa kazi hiyo? Nimetumia mshindio mweupe mwanzo hadi mwisho na kumaliza kabla ya chakula. Vitalia bado anahangaika, masikini.

Albina kaja na chakula, kakitazama kitambaa, kauliza matuta mengine yako wapi. Nikamweleza kwamba sanaa humwachia mtazamaji kitu cha kufikiria. Akauliza mara ya mwisho niliingia shambani lini. Swali la uchokozi. Kwetu mwanamume hukata nyasi na kuzipanga, mwanamke ndiye huchimba shimo na kufukia. Mwaka huu sikukata kwa sababu ya mgongo. Mwaka jana pia ulikuwa mgongo.

Jumamosi, 6 Juni

Nimempelekea Mama Hildegardi, mlezi wa kwaya, mkungu wa ndizi. Nikampa shikamoo ya kupiga magoti. Nikamdokeza, kwa masikitiko, kwamba kuna mtu ameniibia wazo langu la ngoro. Akasema ataona mwenyewe. Akapokea ndizi. Nimeshashinda.

Jumapili, 7 Juni

Baada ya misa vitambaa vilitundikwa kwenye uzio. Mama Hildegardi akauliza shamba la kushoto ni la nani. Nikasema kwa fahari ni langu. Akashusha kidole kutoka juu hadi chini. Hakikugonga tuta hata moja. Akasema mvua ya kwanza itabeba mbolea, maharage na mwenye shamba mpaka bondeni.

Wanakwaya wakaangua kicheko. Mmoja akasema hawezi kumwimbia Mungu akiwa amevaa shamba la mvivu, watu watadhani ni la mume wake. Mwingine akamgeukia Albina na kumpa pole.

Kwa Vitalia walisimama muda mrefu. Matuta yalifunga pande zote. Walishaanza kubishana wapande nini. Nikakumbushia habari ya wizi. Mama Hildegardi akajibu kwamba mwizi huyo ni hodari, ameiba hata nusu ambayo sikuwa nayo.

Nyuzi zote kapewa Vitalia. Nilitaka ardhi inimeze. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya shule nisionane na mtu, na kusema kweli nililia kidogo.

Jumanne, 9 Juni

Nachuma kahawa. Mikono imechubuka. Vitalia kanionea huruma, kaniletea furushi la nyuzi zilizokatikakatika. Huruma itamponza mama huyu.

Nimelitafakari kosa langu kwa dhati. Kosa ni wateja. Nani huwapelekea wakulima picha ya shamba? Wanalijua mno! Kitambaa kijacho nitawauzia wavuvi kule Liuli. Nitawafumia samaki. Ziwani sijafika, lakini usipa, dagaa wa huko, nawajua vizuri, hufika sokoni kwetu wamekaushwa. Nitawafuma hivyohivyo: kahawia, wamejikunja, bila vichwa, kama Albina anavyowapika.

Albina kauliza kama nimewahi kumwona samaki akiogelea. Sijui mwanamke huyu maswali huyatoa wapi.