Kosa la Kutua Vibaya Ligawanywe kwa Haki

Ndugu Mwenyekiti Stäbler,

Kwa jina la Mungu aliyewapa ndege wa angani mbawa zisizohitaji umeme, nakusalimu wewe na wanachama wote wa Chama cha Marubani wa Kompyuta, Oberlinsweiler. Mimi na mke wangu Mechthild tu wazima.

Nimepokea barua yenu ya kunivua ukapteni wa abiria na kunipa ndege ya mizigo, eti kwa kuwa natua vibaya. Abiria wangu ni wa kuchorwa kwenye kioo cha kompyuta, nakiri. Lakini nimewaombea kila safari kwa miaka sita, na siko tayari kuwaacha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndani ya kompyuta yangu, prosesa inapiga hesabu kwa asilimia tisini na saba ya nguvu zake, ilhali kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora tu, inajishughulisha kwa asilimia kumi na moja. Ndiyo maana picha hukwama, kisha uwanja wa Stuttgart hunirukia usoni ghafla.

2. Ili kuipunguzia prosesa mzigo, niliondoa uwanjani magari na wapakiaji wote. Kuwafukuza wafanyakazi mia mbili kabla ya kifungua kinywa si jambo jepesi kwa mzee wa kanisa. Kadi haikushtuka.

3. Hapo nikafungua sanduku la kompyuta, nikaitundikia kadi kile kibao cha zamu ya kufagia ngazi ambacho sisi wapangaji hupokezana kila wiki, ili ijue kwamba sasa zamu ni yake. Kibao kikanasa kwenye feni, ikanguruma. Mtahini wenu, Bwana Traugott, aliyekuwa akinisikiliza mtandaoni, akauliza, "Mzee Häberle, leo unatua na trekta?" Akacheka, kisha akaninyima alama.

4. Tisini na saba ukijumlisha na kumi na moja ni mia moja na nane. Kosa lote limekwisha kugawanywa, na rubani hakubakiziwa hata chembe. Chama ndicho kinachopaswa kuniomba radhi, kwa ile asilimia nane iliyozidi.

Basi naomba nirudishiwe ukapteni kabla ya safari ya Jumamosi ya Innsbruck, yenye abiria mia moja na themanini.

Wasalimie wote, hata Bwana Traugott. Mungu ailinde nyumba yako, awape walio ndani yake afya na usingizi mtulivu.

Wako katika imani,
Gotthilf Häberle

N.B. Kabla sijafunga bahasha, nimekitoa kibao, nikaongeza mawingu na vivuli, ambavyo ni kazi ya kadi. Sasa prosesa na kadi zinasaidiana sitini kwa sitini, na picha inatiririka kama maji. Nimetua mara tisa. Mechthild, aliyeketi nyuma yangu, amesema, "Mume wangu, sasa angalau tunaona vizuri tunakoangukia." Ile ndege ya mizigo naipokea. Naomba tu isiwe ya mayai.