Mhadhiri Aliyeanguka Mbele ya Kamera

Watu wengi huingia katika duka la vifaa vya magari wakijua wanachokitaka, na hutoka wamebeba kingine. Kati ya kuingia na kutoka huko, kwa muda mrefu, alisimama mtu aliyeitwa Mhadhiri.

Chuo kikuu hakukisomea. Alikipita tu kwa nje, siku za mvua, akijikinga barazani. Lakini tai alikuwa nayo, miwani ya kioo kitupu alikuwa nayo, na alikuwa na ile sauti ya upole ambayo mtu huipata ama kwa kusoma vitabu vingi ama kwa kutowahi kulipwa kwa kusema ukweli. Mwenye duka alimwacha asimame karibu na kabati la kamera za magari kwa sababu aliuza. Hasa aliuza kamera moja nyeusi, ya duara, ambayo kabla ya ujio wake ilikuwa imekaa rafuni mpaka vumbi likaizoea.

Msomaji asije akadhani kwamba mtu huyu alizipenda kamera. Kamera ndizo zilizokuwa zikiiua kazi yake, na kazi yake ya kweli ilikuwa kuanguka. Mchana, foleni inapojongea mwendo wa kobe, Mhadhiri huvua tai na miwani, huvaa kofia na shati kuukuu, hujitokeza mbele ya gari alilolichagua kwa makini, hupiga boneti kwa kiganja, pu!, kisha hujilaza chini taratibu kama mtu aingiaye kitandani mwake na kuanza kuulilia mguu. Ile pu ndiyo elimu yenyewe. Kulala chini hata mlevi anaweza. Dereva hutoka akitetemeka, Mhadhiri humsihi kwa huruma wasiwasumbue polisi kwa jambo dogo la mguu mmoja, na mambo huisha kwa maelewano kabla foleni haijasogea.

Kamera za kioo cha mbele zilipoenea, wenzake katika fani walikata tamaa na kuingia kazi za halali. Yeye alifanya utafiti. Aligundua kwamba mwenye kamera na mwenye ushahidi ni watu wawili tofauti. Kamera hurekodi, naam, lakini kipande kinachotakiwa lazima mtu akihifadhi, la sivyo video mpya huja ikaifuta ya zamani. Ziko kamera zinazokihifadhi kwa kitufe kimoja na kukituma kwenye simu yako ungali umeshika usukani. Nyingine, kama ile nyeusi ya duara, humtaka mwenyewe asimamishe kurekodi, avuke kurasa za lugha asiyoijua, asake faili moja katika msitu wa faili zenye majina ya tarakimu tupu, kisha abonyeze kwa pamoja vitufe viwili vidogo kama mbegu za papai. Dereva asiye na kamera hubisha. Dereva mwenye kamera asiyoweza kuifungua hukata tamaa, na aliyekata tamaa huwa mkarimu. Basi Mhadhiri akaona ni wajibu wake kuwachagulia madereva kamera yeye mwenyewe. Ni wasomi wachache wanaobahatika kuona utafiti wao ukitumika hivyo.

Tatizo lilikuwa nyonga ya kulia. Uongo ukirudiwa sana huanza kuuma kweli; siku hizi alichechemea hata akiwa peke yake, jambo lisilo na faida yoyote. Daktari alikuwa amemwonya kwamba akianguka vibaya tena, hatasimama bila mkongojo. Kwa hiyo alikuwa akitafuta anguko la mwisho, mbele ya gari la mtu mwenye nacho, alijumlishe na akiba yake, afungue kibanda chake cha vifaa vya magari na kustaafu kwa heshima. Akiba hiyo aliitembeza ndani ya soksi, kwa kuwa hakuwa na imani na taasisi yoyote inayopokea fedha za watu kwa maneno matamu.

Ndipo alipoingia bibi mmoja, mnene, mpole, mwenye mkoba wa ngozi. Nje ya duka gari lake kubwa la rangi ya fedha lilikuwa limeegeshwa vibaya, kwa namna ya watu wasioogopa faini.

"Mwanangu," alimwambia Mhadhiri, "natafuta kamera ya gari, lakini isiwe ya kunihangaisha. Nikitaka kuhifadhi kipande, nihifadhi. Nisianze kutafuta fundi."

"Shangazi, hilo ndilo swali wanunuzi wengi wanalisahau," alisema Mhadhiri, akijisikia kama mvuvi ambaye samaki amegonga hodi mlangoni kwake. "Karibu sana."

Bibi alinyanyua kamera ndogo ya pembe nne. "Hii je? Naona kitufe ni kimoja, tena kikubwa."

"Ndiyo kasoro yake. Kitu kinachohifadhika kirahisi, hata mwizi atakihifadhi. Halafu hiyo inatuma kwenye simu. Leo simu yako, kesho simu ya mkweo."

"Mkwe wangu! Mungu apishe mbali."

"Sasa hii ya duara ina nidhamu. Haikupi kipande mpaka ihakikishe kwamba unakitaka kweli."

"Kama marehemu mume wangu na pesa ya matumizi."

"Hapo umenena, shangazi."

Alimfundisha hatua zote. Bibi alizirudia akazikosea. Akafundishwa tena, akazikosea upya, kwa mpangilio mwingine. "Kichwa changu hiki ni chekeche," alilalamika. Kisha, akiilipia ile ya duara, bila kuulizwa alieleza kwamba kila alasiri hupita barabara ya nyuma ya hospitali, peke yake, polepole, kwa sababu macho nayo siku hizi hayaaminiki. Mhadhiri alimsikiliza kwa unyenyekevu wa mtu anayesomewa wosia unaomtaja.

Alasiri iliyofuata, barabara ya nyuma ya hospitali ilikuwa imeziba kama kawaida. Gari la rangi ya fedha lilijongea, na juu ya kioo chake ile kamera nyeusi ya duara ilimkodolea macho Mhadhiri kama rafiki wa zamani. Alijitokeza. Pu! Akajilaza kwa upande wa kushoto, akikwepa dimbwi la matope, akaanza kilio.

"Mguu wangu! Jamani, mguu!"

Watu walikusanyika. Bibi alishuka akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Nimeua! Jamani nimeua mtoto wa watu!"

"Sijafa, mama," Mhadhiri alisema kwa sauti ya mtu anayefikiria. "Ila mguu umekwisha. Mimi sina makuu. Bila polisi, mama, tumalizane hapa hapa."

"Tumalizane, baba, tumalizane. Lakini ngoja kwanza." Bibi alifuta machozi. "Mimi nina kamera! Itaonyesha kama nimekugonga kweli."

Mhadhiri alifumba macho, si kwa maumivu. "Onyesha tu, mama."

Bibi aliichomoa kamera pale kiooni, bado imening'inia kwenye waya wake, akaanza kuibonyezabonyeza mbele ya umati. Kamera ililia piii. Ikalia tena. "Yule mshauri wa dukani aliniambia nibonyeze hapa mara mbili, halafu nizime."

Chini ya bampa, Mhadhiri alijikunja kidogo. Hakuwa amesema hivyo.

"Washauri wa madukani hao!" alisema dereva wa pikipiki mmoja, aliyekuwa amezima injini ili asipitwe na neno. "Wengine hata kufungua mwavuli hawajui."

"Alikuwa na tai na miwani," bibi aliendelea kwa uchungu, "kumbe kichwani hamna kitu. Amenifundisha upuuzi mtupu. Alisema hatua ya kwanza ni kufuta zote."

"Hakusema hivyo!" ilitoka sauti chini ya gari.

"Unasemaje, baba?"

"Nasema... mguu."

"Mjinga yule," alisema bibi, akibonyeza. "Mjinga kabisa. Eti profesa! Nadhani hata shule hakumaliza."

Umati ukacheka. Hapa inafaa tutue kidogo na kumhurumia mtu wetu. Mtu anaweza kuvumilia kuitwa mwizi, maana mwizi ni neno la kazi. Anaweza kuvumilia lami ya moto chini ya mgongo na nyonga inayomchoma. Lakini kusikia somo lake likinukuliwa visivyo hadharani, na kusikia watu wakicheka kosa lisilo lake, huo ni mtihani ambao hata wasomi wa kweli, wenye vyeti vilivyotundikwa ukutani, wameushindwa katika vikao vingi. Mhadhiri hakuwa na cheti hata kimoja cha kumfariji.

"Usiguse hapo!" alifoka. "Ukibonyeza hapo unafuta! Simamisha kurekodi kwanza!"

"Wapi, baba?"

"Cha kushoto. Si hicho, hicho ni cha mwanga. Cha kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Mungu wangu, lete hapa!"

Akasimama. Alisimama wima, kwa miguu yote miwili, akajikung'uta vumbi, akaingia na kukaa kiti cha abiria, akaichukua kamera mikononi mwake. Vidole vyake vilipita kwenye vile vitufe kama vya mpiga kinanda. Alivuka kurasa, akaipata faili, akabana vitufe viwili kwa pamoja, na kamera ikatoa mlio mwembamba wa kukubali.

"Umeona?" alisema, akigeuza kioo kidogo cha kamera ili umati wote uone. "Ni rahisi, ukifundishwa ukasikiliza. Somo halikuwa na kasoro."

Umati ulitazama. Kwenye kioo kile, mtu mwenye kofia alichungulia kushoto, akachungulia kulia, akachagua mahali pasipo na matope, akapiga boneti ya gari ambalo lilikuwa limekwisha kusimama, kisha akashuka chini kwa uangalifu, akitanguliza mkono. Hata alijinyooshea shati kabla ya kuanza kulia.

Mhadhiri aliyatambua makosa yake mawili kwa wakati mmoja: lile la kwenye video, na lile la kukaa kwenye kiti akiionyesha.

"Mguu umepona!" alipaza sauti dereva wa pikipiki. "Jamani, hospitali ya nini tena? Mama anatibu kwa kamera!"

Kicheko kilipotulia, bibi alikuwa amekwisha kufuta machozi, na sauti yake ilikuwa kavu na makini. Aligusa kamera nyingine, ndogo, ya pembe nne, iliyojificha nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. "Hii ya kitufe kimoja ninayo siku nyingi, mwanangu. Nimebonyeza ulipokuwa bado unachagua gari. Kipande kiko kwenye simu yangu."

"Basi umenisumbulia nini?" aliuliza Mhadhiri kwa masikitiko ya kweli.

"Video ingeonyesha unavyoanguka. Watu wangebishana. Nilitaka waone unavyosimama." Akamsogelea. "Sasa moyo wangu umestuka sana, na mashahidi ninao wote hawa. Bila polisi, baba. Tumalizane."

Umati uliona hiyo ni haki, na dereva wa pikipiki akajitolea kuwa hakimu. Mhadhiri aliinama, akavua kiatu, akavua soksi. Bibi hakuhesabu. Aliifunga soksi fundo, akaitia ndani ya mkoba wa ngozi, akamshukuru kwa adabu, na foleni ikafunguka kana kwamba nayo ilikuwa ikisubiri hukumu.

"Yule?" alisema mwenye duka kesho yake, Mhadhiri alipomuuliza kuhusu yule bibi. "Hiyo ndiyo kazi yake. Anazunguka madukani akiuliza kamera rahisi. Anayemsukumia ngumu kwa maneno mengi, anajua huyo ni mwangukaji. Anamtajia njia anayopita, halafu anasubiri. Nilidhani unamjua, nyote ni watu wa fani moja."

Kipande cha simu ya bibi kilikuwa kimekwisha kusambaa. Kilipita simu kwa simu kwa wepesi uleule ambao Mhadhiri aliuonya umma dhidi yake. Dada yake mkubwa, aliyemlea, alimpigia simu asubuhi na mapema, naye akajiandaa kwa mawaidha. "Mdogo wangu," alisema dada, "shati hilo nimelifua juzi." Akakata. Ingekuwa afadhali amtukane.

Hivyo kazi ilikwisha, akiba ilikwisha, na kibanda kilibaki ndoto ya mtu mwenye soksi moja. Hakukuwa na foleni katika mji ule ambamo angelala chini bila madereva kushusha vioo na kumpigia makofi. Alirudi kusimama karibu na kabati kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kusimama.

Bwana mmoja akaingia na mkewe. "Tunataka kamera ya gari," alisema bwana. "Ipi inahifadhi kipande bila usumbufu?"

Mhadhiri alifungua kinywa, na kwa kuwa hapakuwa na faida tena katika uongo, ukatoka ukweli. "Hii ya pembe nne. Kitufe kimoja. Bonyeza, imekwisha. Ile ya duara ni adhabu, msiiguse."

Bwana alimtazama kwa mashaka, maana ukweli ukitoka ghafla hauna sura ya kuaminika. Lakini mkewe alikuwa ameinamisha kichwa, akimkagua Mhadhiri usoni.

"Baba watoto, si yule wa kwenye simu? Yule anayejilaza?"

"Ndiye," alisema Mhadhiri, akijivika heshima iliyobaki. "Na iliyonikamata ni hii hii. Tazameni picha ilivyo safi. Hata jasho langu linaonekana."

Bwana alitoa simu yake, akakitazama kipande upya kwa macho ya mnunuzi, akalinganisha na kamera iliyokuwa mkononi. "Kweli ni safi," alikiri. "Lakini nitajuaje kama mke wangu ataweza kuibonyeza kwa wakati?"

Mwenye duka, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye mlango wa stoo, alikwisha kuanza kutandika maboksi matupu sakafuni. Aliyapanga vizuri, akayakanyaga yalainike, kisha akamtazama Mhadhiri kwa macho ya ombi ambayo hayakuwa mbali sana na amri.

Mhadhiri aliyatazama maboksi. Aliwatazama wateja, mke akiwa tayari ameishika kamera, kidole kikielea juu ya kitufe. Alilegeza tai, akavuta pumzi.

"Bonyeza mapema, dada yangu," alisema. "Siku hizi naanguka mara moja tu."