Nyumba ya Utu Yenye Milango Minne

Waheshimiwa mlioketi mbele, waheshimiwa watarajiwa mliobanana nyuma yao, masheikh, mapadre, wachungaji, wafanyabiashara wa Magarama, wakulima wa Bugendana, na ndugu zetu wa Muyinga mliojilipia nauli kwa moyo wa uzalendo: ninawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe! (Makofi ya mstari wa mbele.)

Alors, uraia ni nini? Mtu ni nani? Mimi, mwenyekiti wa Komisheni ya Kuratibu Ubinadamu, nimeyatafakari maswali haya katika semina nyingi, nyingine zikiwa na chakula cha mchana, na utafiti wetu unathibitisha kwamba asilimia tisini na saba ya wakazi wa Gitega ni binadamu, huku Muyinga ikitufuata kwa kasi ya kuridhisha. (Kicheko. Mtu wa Muyinga: "Na ile tatu inabaki, iko nani?") Takwimu bado zinachakatwa, ndugu.

Ndiyo maana leo, hapa uani kwa Bi Pili, Nyamugari, ninazindua Nyumba ya Utu wa Pamoja, iliyoko Bugendana, kwenye shamba la Mama Theodosia, aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania, na ambaye kwa maelekezo yangu hakupanda maharage msimu uliopita. Ina milango minne: wa Waislamu, wa Wakristo, wa waliorudi na wa wasiowahi kuondoka, ili wote wakutane ndani wakiwa wamepangika. (Mama Theodosia anasimama, mjukuu mgongoni: "Mheshimiwa, huyu Ilyasi mama yake ni binti wa Bi Pili, na baba yake ni mwanangu niliyemzaa Tanzania. Apite mlango gani?") Swali zuri sana! Tutaunda kamati ya mlango wa tano. ("Na mvua imeanza. Nipande au nisipande? Sina shamba lingine.") Nakuja huko, mama.

Utu wetu! ("Chai yetu!" wanaitikia wa nyuma.) Milango yetu! (Wa nyuma wanainua vikombe wajaziwe tena.)

Kwa kumalizia, namshukuru Bi Pili kwa turubai, mikeka, na chai mliyokunywa wote bila kuulizana dini wala mlikotoka. Nyumba ingekuwepo, tusingemsumbua. Nawashukuru mafundi ambao hatukuwaita na wafadhili ambao hatujawaandikia. Mama Theodosia, kusema kweli, shambani kwako hatujawahi kufika.

(Bi Pili, kwa hasira: "Bamwana, wewe mama wa mkwe wangu, mbegu iko kwangu. Na jembe iko. Tuende wote!" Watu wanainuka.)

Jamani, sijakata utepe! Na mbona mnatoka wote kwa mlango mmoja? Nani amewapanga?